Mali: Ufalme Uliouza Jiwe Lake la Dhahabu

Katika Kiswahili chetu neno mali lina maana ya utajiri. Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba palikuwa na ufalme ulioitwa Mali, tena uliosifika duniani kwa dhahabu yake, hudhani kwamba jina hilo limetoka hapo. Sivyo. Neno letu limetoka katika Kiarabu, na jina la ufalme ni matamshi mengine ya Manden, nchi ya Wamandinka, kwenye sehemu za juu za mto Niger, mahali ambapo leo nchi za Mali na Guinea zinapakana. Majina hayo mawili yamefanana kwa bahati tu. Hata hivyo, mfanano huo unatupa swali jema la kuanzia: mali ya Mali ilikuwa nini hasa?

Jibu jepesi ni dhahabu. Lakini dhahabu ilikuwamo ardhini kabla ya ufalme kuzaliwa, na ilibaki ardhini baada ya ufalme kufa. Kitu kilichokuwapo wakati ufalme uliposimama, kikakosekana ulipoanguka, hakikuwa dhahabu. Tukifuata habari za Mali tangu mwanzo hadi mwisho, tutakiona kitu hicho ni nini.

Dhahabu na chumvi

Kabla ya Mali palikuwa na ufalme wa Ghana, ambao wenyeji waliuita Wagadu. Haukuwa mahali palipo nchi ya Ghana ya leo. Ulikuwa kaskazini zaidi, kwenye ukingo wa jangwa la Sahara, katika nchi ambazo sasa ni Mauritania na Mali. Nguvu yake ilitokana na mahali ulipokaa. Kusini kulikuwa na dhahabu ya Bambuk, lakini chumvi ilikuwa haba. Kaskazini, jangwani, kulikuwa na chumvi nyingi, na ng'ambo ya jangwa kulikuwa na wafanyabiashara waliotamani dhahabu. Anayekaa katikati hukusanya ushuru.

Al-Bakri, mwandishi wa Hispania ya Waislamu, aliandika mnamo 1068 kwamba mfalme wa Ghana alitoza dinari 1 ya dhahabu kwa kila punda aliyeingia na mzigo wa chumvi, na dinari 2 kwa kila mzigo wa chumvi uliotoka. Vipande vizima vya dhahabu vilikuwa vya mfalme. Unga wa dhahabu uliachiwa watu. Sababu yake ilikuwa ya busara: kama dhahabu yote ingetoka ovyo, bei yake ingeshuka.

Ghana ilipodhoofika, falme ndogo ziligombania nafasi yake. Mmoja wa wafalme hao alikuwa Sumaworo Kanté, mfalme wa Wasosso, ambaye masimulizi yanamkumbuka kama mhunzi mwenye uchawi na mtawala mkali. Wamandinka walikuwa miongoni mwa waliotawaliwa naye.

Mtoto asiyetembea

Habari za mwanzo wa Mali zimehifadhiwa hasa na jeli. Hawa ni wasimulizi na wanamuziki ambao hurithishana kazi hiyo kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na ambao hushika kichwani vizazi vya wafalme na maneno ya mapatano ya kale. Wao husimulia kwamba Sogolon, mke wa mfalme wa Manden, alizaa mwana ambaye miaka ilipita bila yeye kutembea. Mama alidharauliwa na mke mwenzake kwa sababu mwanawe hakuweza hata kumchumia majani ya mbuyu kwa ajili ya chakula. Siku moja mtoto aliomba fimbo ya chuma, akajiinua, akasimama. Jina lake ni Sundiata Keita.

Kusimama kwake hakukumpa kiti cha baba. Alikimbia na mama yake, akaishi uhamishoni, na mwisho akapokelewa na mfalme wa Mema. Huko alijifunza vita na utawala, na huko ndiko wajumbe wa Manden walikomfuata ili arudi kuwaokoa. Mnamo 1235 hivi, mahali paitwapo Kirina, jeshi lake lilimshinda Sumaworo. Tusisitize jambo moja: jeshi hilo halikuwa la ukoo mmoja. Koo nyingi ziliitika, kila mmoja na mkuu wake, na wakuu hao hawakulazimishwa kuja. Walikuja kwa sababu waliteswa pamoja na kwa sababu walimwamini aliyewaita.

Masimulizi yanaendelea kusema kwamba baada ya ushindi wakuu hao walikutana uwandani, huko Kurukan Fuga, karibu na Kangaba. Hapo walipatana jinsi ya kuishi pamoja: ukoo wa Keita utatoa mfalme, mwenye cheo cha mansa, koo nyingine zitabaki na heshima na kazi zao, watu wa koo fulani watataniana bila kukasirikiana, ili ugomvi uzimike kwa kicheko kabla ya kuwa vita. Maneno ya mapatano hayo yalikusanywa kutoka kwa jeli na kuandikwa huko Kankan, Guinea, mwaka 1998, na mwaka 2009 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Wachimbaji walioachwa na desturi zao

Mali ilikua haraka. Al-Umari, mwandishi wa karne ya 14 aliyefanya kazi katika serikali ya Misri, aliambiwa na mtu aliyeishi huko miaka mingi kwamba kuivuka nchi hiyo kwa urefu kulihitaji mwendo wa miezi 4, na kwa upana vilevile. Jeshi, aliambiwa, lilikuwa na watu 100,000, na kati yao 10,000 walipanda farasi. Kutoka bahari ya Atlantiki hadi Gao, njia zote kubwa za misafara zilipita chini ya mkono wa mansa.

Je, mansa aliichimba dhahabu mwenyewe? Hapana, na hapa pana funzo ambalo wengi hulipita. Wafalme wa Mali walikuwa Waislamu. Wachimbaji wa kusini walishika dini za mababu zao. Al-Umari anaeleza kwamba wafalme walijifunza kwa uzoefu jambo la ajabu: kila walipouteka mji wa wachimbaji na kuwalazimisha kuifuata dini ya mfalme, dhahabu ya mji huo ilipungua, kisha ikakoma, huku ikizidi katika miji ya jirani. Kwa hiyo waliamua kuwaacha wachimbaji wakae katika desturi zao na kupokea kwao kodi tu.

Tunaweza kuelewa kwa nini. Mchimbaji aliyejua mahali pa mashimo alikuwa na uwezo ambao mpanda farasi hakuwa nao: aliweza kunyamaza na kuhama. Upanga ungeweza kuiteka ardhi, lakini usingeweza kuilazimisha mikono kuchimba kwa moyo. Mansa alikuwa na nguvu za kuwaangamiza watu wale, akachagua kupatana nao. Mlango wa utajiri wake ulikuwa hapo, katika kujizuia huko.

Mfalme aliyeshusha bei ya dhahabu

Dunia iliijua Mali kupitia safari moja. Mwaka 1324 Mansa Musa alipita Cairo akienda kuhiji Maka, na msafara wake ulikuwa na maelfu ya watu. Alipoambiwa abusu ardhi mbele ya sultani wa Misri alisita, na mwisho aliinama akisema kwamba anamsujudia Mungu aliyemuumba. Kisha aligawa dhahabu. Aliwapa wakuu, aliwapa watumishi, alinunua bila kuuliza bei. Wafanyabiashara wa Cairo walimwambia al-Umari bila aibu jinsi walivyonufaika: nguo isiyofikia thamani ya dinari 1 waliwauzia wageni hao kwa dinari 5.

Dhahabu ilipojaa sokoni, thamani yake ilishuka. Kabla ya hapo mithkali moja, yaani gramu 4 na kidogo za dhahabu, ilibadilishwa kwa dirhamu 25 za fedha au zaidi. Baada ya Musa kupita ilishuka hadi 22 na chini yake, na al-Umari aliandika kwamba ilikuwa bado hivyo miaka 12 baadaye. Musa mwenyewe, wakati wa kurudi, aliishiwa. Ilimbidi akope kwa wafanyabiashara walewale, nao wakapata faida kubwa.

Tusimhukumu kwa haraka. Safari ile ilileta kwa Mali mambo mengine kuliko sifa. Musa alirudi na watu wa elimu, pamoja na as-Sahili, mshairi na mjenzi kutoka Granada. Huko Timbuktu ulijengwa msikiti wa Djinguereber, ambao kuta zake za udongo zimesimama hadi leo, na mji huo ukaanza kuwa makao ya waalimu na vitabu. Mwaka 1375, katika ramani maarufu iliyochorwa kisiwani Majorca, alichorwa mfalme mweusi mwenye taji, akishika mkononi kipande cha dhahabu. Hivyo ndivyo Ulaya ilivyoijua Mali: mkono ulioshika dhahabu. Mapatano yaliyoufikisha mkono huo kwenye dhahabu hayakuweza kuchorwa.

Mfanyabiashara aliyemshitaki mfalme

Kwa bahati tunaye shahidi aliyeona kwa macho yake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Mali mwaka 1352, wakati wa Mansa Sulayman, ndugu wa Musa. Alipita Taghaza, kijiji cha jangwani ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Anaandika kwamba mzigo mmoja wa ngamia wa chumvi uliuzwa kwa mithkali 8 hadi 10 huko Walata, na kwa mithkali 20 hadi 30, mara nyingine 40, katika mji mkuu wa Mali. Kila hatua ya njia iliongeza bei, mradi tu njia iwe salama.

Nayo ilikuwa salama. Ibn Battuta hakumpenda Sulayman, alimwona bahili. Aliposikia kwamba zawadi ya mfalme inaletwa alitazamia mavazi na fedha, akaletewa mikate 3, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, naye akacheka. Lakini mtu huyuhuyu asiyempenda mfalme ameshuhudia kwamba hakuona nchi yenye chuki kubwa zaidi dhidi ya udhalimu. Msafiri hakumwogopa mnyang'anyi. Mgeni akifia huko, mali yake haikuchukuliwa na serikali. Iliwekwa kwa mtu mwaminifu hadi mwenye haki aje kuichukua.

Anasimulia kisa kimoja. Siku ya sala ya Ijumaa mfanyabiashara mmoja alisimama msikitini, akatangaza mbele ya watu wote kwamba anamshitaki Mansa Sulayman mbele ya Mtume. Watu walimwuliza nani amemdhulumu. Akajibu kwamba ofisa wa mfalme huko Walata amechukua bidhaa zake zenye thamani ya mithkali 600, naye anataka kumlipa 100 tu. Mfalme aliagiza ofisa yule aletwe. Alipofika baada ya siku kadhaa, mfalme hakuamua mwenyewe, bali aliwapeleka wote wawili kwa hakimu. Mfanyabiashara alipewa haki yake, na ofisa aliondolewa kazini.

Vijana wapendwa, tuitafakari habari hii. Mtu wa kawaida alimshitaki mfalme hadharani, na siku iliyofuata alikuwa bado hai, tena baadaye akalipwa. Wafanyabiashara waliosikia habari ya namna hiyo walikuwa na sababu ya kufunga mizigo yao na kuja. Haki ya hakimu mmoja inaweza kuleta ngamia wengi kuliko ambao jeshi lingeleta.

Walioachwa nje ya mapatano

Hata hivyo tusiifanye Mali kuwa paradiso. Chumvi ya Taghaza ilichimbwa na watumwa, katika mahali pasipo mti wala shamba, wakiishi kwa tende, nyama ya ngamia na mawele yaliyoletwa kutoka mbali. Watumwa walikuwa wengi katika msafara wa Musa. Na Ibn Battuta, aliyesifu haki ya nchi ile, alirudi kwao mwaka 1353 pamoja na msafara uliokuwa na wanawake watumwa wapatao 600. Hakuandika majina yao wala vilio vyao. Haki ya Mali ilimsikia mfanyabiashara aliyesimama msikitini. Haikuwasikia wanawake wale. Kila tunapoisifu dola ya kale, tuulize pia ni nani hakuruhusiwa kusimama na kusema.

Jiwe linauzwa

Sulayman alikufa mnamo 1360. Mwanawe alitawala miezi 9 tu. Mjukuu wa Musa, aliyeitwa Mari Jata, alimpindua na kukaa kitini miaka 14. Habari zake tunazipata kwa Ibn Khaldun, mwanahistoria mkubwa wa Tunis, aliyezipokea kwa watu waliokuwa wameishi Mali.

Katika hazina ya wafalme palikuwa na jiwe la dhahabu. Lilikuwa kipande kimoja kikubwa, kama kilivyotolewa ardhini, hakijayeyushwa wala kufuliwa. Wafalme walilirithishana kama fahari ya ufalme, kwa sababu jiwe la namna hiyo halipatikani mara mbili. Mari Jata, mtu wa anasa, alitumia vyote vilivyokuwa hazinani. Na vilipokwisha alilitoa jiwe lile, akawapa wafanyabiashara wa Misri, nao wakalinunua kwa bei ya chini kabisa. Alikufa kwa ugonjwa wa malale mnamo 1374, baada ya kulala muda mrefu huku watu wakisubiri.

Jiwe lilikuwa mali ya nani? Mari Jata aliamini kuwa ni lake. Waliomtangulia walilikuta, wakaliacha. Musa aligawa dhahabu nyingi kuliko mtu yeyote na alirudi na madeni, lakini jiwe hakuliuza. Wahenga wetu husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mari Jata hakuwa na wa kumwuliza daftari. Mapatano yaliyompa ukoo wake kiti yalikuwa yamesahauliwa na yule aliyekikalia.

Baada yake kiti kilikuwa mchezo. Mwanawe alikuwa mtu mwema, lakini waziri mmoja alimfungia na kutawala kwa jina lake. Waliofuata walipinduana, wengine wakauawa. Wakuu wa majimbo walipotazama mji mkuu, hawakuona tena hakimu. Waliona ndugu wakigombania funguo za hazina. Basi, mmoja baada ya mwingine, walijitenga. Wawolof wa magharibi walienda zao. Gao ilijitawala. Watuareg waliichukua Timbuktu mnamo 1433, na mwaka 1468 Sunni Ali wa Songhai aliinyakua kutoka kwao. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome huko Elmina, kwenye pwani ya kusini, na sehemu ya dhahabu ikaanza kwenda baharini badala ya jangwani. Hao wa nje hawakuubomoa ukuta. Waliingia palipokwisha kubomoka.

Wito usioitikiwa

Mwaka 1591 jeshi la Moroko, likiwa na bunduki, liliivunja Songhai katika vita vya Tondibi. Mansa Mahmud wa Mali aliona nafasi ya kurudisha ukuu wa mababu. Mwaka 1599 alikwenda kuushambulia mji wa Djenné, akawaita wakuu wa majimbo wamfuate. Baadhi ya wale aliowategemea hawakuitika. Bunduki za mji zilimshinda, naye akaponea chupuchupu. Tangu hapo hapakuwa tena na dola ya Mali, bali wakuu wadogo wa huku na huku.

Tulinganishe siku hizo mbili. Huko Kirina kijana aliyetoka uhamishoni, asiye na hazina, aliita, na koo zikaja. Huko Djenné mrithi wa kiti cha miaka zaidi ya 350 aliita, na waliotakiwa kuja walibaki nyumbani. Dhahabu ya Bure na Bambuk ilikuwa bado ardhini. Kilichokwisha ni kuaminiana.

Jina lenyewe halikufa. Tarehe 22 Septemba 1960 nchi iliyoitwa na Wafaransa Sudan ilitangaza uhuru wake kwa jina la Mali. Na huko Kangaba ipo nyumba ya duara iitwayo Kamabolon, ambayo kila baada ya miaka 7 huezekwa upya kwa nyasi. Vijana hubeba nyasi, wazee huongoza kazi, na jeli wa Kela husimulia habari za Sundiata na za koo zilizopatana. Jiwe la dhahabu halijulikani tena lilipo. Paa la nyasi lingali linatengenezwa, kwa kuwa kila kizazi kinajua kwamba lisipoezekwa upya litavuja.

Sisi tunaoishi juu ya ardhi yenye dhahabu, shaba na koltani tunaambiwa kila siku kwamba tu matajiri. Mali inatufundisha kuuliza kwanza kama yule mfanyabiashara wa Walata angepata haki kwetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini wafalme wa Mali waliwaacha wachimbaji katika desturi zao? Je, ilikuwa hekima, hesabu ya faida, au yote mawili?

2. Musa aligawa dhahabu na Mari Jata aliuza jiwe. Tofauti yao ni ipi?

3. Katika kikundi chetu, ni kitu gani tulichopokea kwa waliotutangulia ambacho si ruhusa kukiuza? Nani ana kazi ya kukiezeka upya?